Mwanamke Mwenye Ufagio

Mwezi uliopita nilikwenda Roseville kusaidia kanisa moja lililokuwa likiuza vitu vilivyotumika. Kazi niliyopewa ilikuwa nyepesi: kufungua maboksi ya vitabu na kuvitenga, vya mapishi huku, vya watoto kule, Biblia peke yake. Kwenye boksi la nne au la tano mkono wangu uligusa jalada gumu la kitambaa kilichochakaa. Nikafungua katikati. Herufi nyeusi zenye ndoano, na mtoto wa mashavu mekundu akiburutwa na kitu ambacho sikusubiri kukiangalia. Nilikifunga upesi. Mama mmoja aliyekuwa akipanga vikombe karibu yangu aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni vumbi tu.

Haikuwa vumbi. Wala hakikuwa kitabu kile cha utotoni mwangu, ila kilikuwa cha ukoo mmoja nacho, na hiyo ilitosha kunirudisha ghorofa ya tatu, Saint Paul, mwaka wetu wa kwanza Marekani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Tulifika kutoka kambini Kigoma tukiwa wanne: bibi, mama, mimi, na mdogo wangu wa miaka mitano. Bibi na mama walizaliwa Kongo, ng'ambo ya ziwa. Sisi wawili tulizaliwa kambini, na nchi tuliyokuwa tukiambiwa ni yetu hatukuwahi kuiona. Tulipewa apatimenti ya vyumba viwili yenye mabomba ya joto yaliyogonga ukutani kama mtu anayetaka kufunguliwa. Asubuhi tuliamshwa na gari la kukwangua theluji. Mama alipata kazi kiwanda kimoja cha Plymouth, kufunga vifaa vya hospitali kwenye makaratasi, akawa anaondoka mchana na akina mama wengine watano ndani ya gari moja la mtu wa kanisani kwetu. Miguu ya bibi ilivimba tangu tuliposhuka kwenye ndege, na ngazi zikawa adui yake. Kwa hiyo tuliposhuka kwenye basi la shule, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa nyumba. Nilipasha moto sombe, yaani kisamvu, nilisonga ugali wa unga wa duka la Wameksiko, nilichambua dagaa, nilimwogesha mdogo wangu. Na nilitafsiri. Barua za shule, barua za serikali, maneno ya mwenye nyumba, maneno ya daktari: yote yalipita mdomoni mwangu kabla hayajafika masikioni mwa mama na bibi. Walikuwa wakinitazama nikisoma kama watu wanaosubiri hukumu, na siwezi kusema sikuipenda ile hali.

Kitu kimoja tu hakikuhitaji kupita kwangu, nacho ni hadithi za bibi. Alisimulia akiwa amekaa kwenye kiti karibu na bomba la joto, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Zilikuwa hadithi za kutisha, usidhani ni za kubembeleza. Kulikuwa na zimwi lenye kinywa mgongoni, kulikuwa na msichana aliyerudi porini kuchukua kigoda chake akamezwa. Lakini kila mara tumbo lilipasuliwa, au kidole kilikatwa, na watoto wakatoka mmoja mmoja, hata wale waliomezwa zamani waliokwisha kusahauliwa. Mdogo wangu alikuwa akiwahesabu. Bibi akisahau mmoja, alimkumbusha.

Chini yetu, ghorofa ya pili, aliishi mama mmoja wa Kijerumani. Mumewe alikuwa amefariki na watoto wake walikuwa mbali. Alikuwa mrefu, mkavu, na Kiingereza chake kilikuwa na miiba mingi kuliko chetu, jambo lililotufariji. Siku mbili kwa wiki alituita sisi watoto tukale biskuti zake ngumu zenye mdalasini, akatufundisha kufuma, akatukemea tukiweka viwiko mezani. Siku moja alitoa kitabu kabatini. Kilikuwa chake alipokuwa mdogo, cha lugha ya kwao.

"Nendeni nacho juu," alisema. "Picha hazina lugha. Mtaelewa."

Nilielewa, rafiki yangu, kwa namna yangu. Kila ukurasa ulikuwa na mtoto mkosaji na malipo yake. Mvulana aliyekuwa akibamiza milango, mpaka mlango ukambana pua. Msichana aliyelamba sukari kwa siri, nyuki wakambeba juu ya paa akapungua mpaka akawa nukta. Rangi zilikuwa nzuri ajabu, na nyuso za wazazi zilikuwa tulivu, na utulivu huo ndio uliotisha kuliko damu. Mwisho wa kitabu palikuwa na mwanamke mrefu mwenye nguo ya kijivu na ufagio wa fito. Picha ya kwanza, anaingia mlangoni. Ya pili, anafagia sakafu, na pamoja na makaratasi na maganda anawafagia watoto wawili. Ya tatu, watoto wako nje juu ya lundo la taka katika theluji, na dirisha nyuma yao lina taa, na watu ndani wanakula supu.

Mdogo wangu aliweka kidole kwenye picha ile ya tatu. "Dada, wamefanya nini?"

Zile herufi sikuweza kuzisoma. Hata mwalimu wangu, nilipompelekea, alitikisa kichwa. Lakini mdogo wangu hakujua kwamba kuna kitu nisichoweza kusoma. Nikafuata mistari kwa kidole na nikasoma: "Walikataa kumsikiliza dada yao."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Sikuwa mtoto mbaya, nataka uamini hivyo. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na sufuria jikoni, na kazi za shule nisizozielewa, na mtoto asiyetaka kuvaa soksi. Nikagundua kwamba nikisema tu "nitasoma ule ukurasa," soksi zinavaliwa. Maziwa yananyweka. Kila siku mwanamke wa ufagio aliongezewa sheria. Hapendi wanaolia. Hapendi wanaomwaga maji. Anakaa chini, kwenye chumba cha kufulia, kwenye mngurumo wa zile mashine, na anapanda ngazi pole pole. Nilipoona mdogo wangu ameacha kukimbia nyumbani nilijisifu. Mama naye alinisifu. "Umemfunza huyu mutoto, sasa ametulia," alisema, akanipa kipande kikubwa cha samaki. Mdogo wangu alipoanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu kambini, nilifua mashuka bila kumwambia mtu.

Bibi peke yake hakufurahi. "Nyumba yenye mutoto haikai kimya hivi," alisema.

Basi ikaja siku moja ya Januari ambayo shule zilifungwa kwa sababu ya baridi. Haikuwa theluji. Jua lilikuwa linawaka na anga lilikuwa la bluu kabisa, lakini kwenye redio walisema ngozi iliyo wazi inaharibika kwa dakika chache tu. Mama alikwenda kazini hata hivyo, kiwanda hakifungwi. Baada ya chakula, mdogo wangu alitaka kumpelekea bibi chai. Alibeba chupa ya chai kwa mikono miwili, ile nyekundu yenye maua ambayo bibi alivuka nayo ziwa akikimbia vita, iliyokaa naye kambini miaka yote. Ikamponyoka. Tulisikia kioo cha ndani kikisagika.

Bibi aliiokota, akaitikisa, akasikiliza vile vipande. Kisha akasema, "Kimevunjika kitu, mutoto hakuvunjika," akaiweka kando na kufumba macho kama kawaida yake ya mchana.

Mimi sikusamehe. Nilimkamata mdogo wangu mkono, nikamtia chumbani, nikafunga mlango. Hiyo ingetosha. Lakini nilichukua ufagio wetu wa jikoni, nikarudi nao pale mlangoni, na nikaukwaruza chini ya mlango pole pole. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Nikasikia pumzi yake upande wa pili. Hakulia. Nikarudi jikoni kuosha vyombo, maji yakiwa wazi, na nakumbuka nilikuwa naimba.

Nilipozima maji, nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Mlango wa nje pia.

Koti lake lilikuwa kwenye msumari. Kofia na glovu zilikuwa juu ya bomba la joto, zikikauka. Mabuti tu ndiyo hayakuwepo.

Nilishuka mbio hadi chumba cha kufulia, nikachungulia nyuma ya kila mashine. Nikapanda, nikagonga milango. Mlango mkubwa wa jengo lile ulikuwa ukijifunga wenyewe, na wa nyuma vile vile, ukitoka bila ufunguo hurudi ndani, na mtoto wa miaka mitano hafikii vitufe vya kengele. Nililijua hilo, nikazidi kukimbia. Nilipofika juu, bibi alikuwa amesimama mlangoni ameshika ukuta. Mama wa Kijerumani naye alikuwa amepanda kwa sababu ya kelele, simu mkononi.

"Mutoto ako wapi?" bibi aliuliza.

"Simwoni."

Mama wa Kijerumani aliniuliza kwa Kiingereza, "Kwa nini atoke nje bila koti? Anaogopa nini?"

"Anasema nini?" bibi akauliza.

"Anauliza kama tumeangalia chini," nilisema.

Bibi alinitazama. "Mwambie huyu mutoto hatoki peke yake. Kuna kitu kimemutisha. Muulize kama amesikia mutu kwenye ngazi."

Nikamgeukia jirani, nikasema kwa Kiingereza, "Bibi anasema labda amekwenda kucheza."

Nilikuwa katikati yao, na kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli, na daraja pekee lilikuwa mimi. Jirani alianza kubonyeza simu. Bibi hakuhitaji tafsiri kwa hilo. Alimkamata kifundo cha mkono. "Hapana polisi. Hapana." Kambini tulikuwa tumeonywa sote: Marekani mtoto akipatikana peke yake nje, serikali inamchukua, anakuwa wa watu wengine, anasahau hata jina la mama yake. Mama alilala na hofu hiyo na kuamka nayo. Jirani alisema kwa sauti kali kwamba kwenye baridi hii hakuna muda. Bibi alisema kwa sauti kali kwamba mtoto hatapotezwa mara mbili, kwa baridi na kwa serikali. Wote wawili wakanigeukia niwafikishie maneno, na mimi nikatazama koti lile kwenye msumari.

Sijui ni sekunde ngapi. Nilikuwa nikihesabu nitakavyopigwa, nitakavyochukiwa, huku mdogo wangu yuko nje bila koti. Hilo ndilo nililolifikiri, sitakuficha.

Kisha bibi alinishika kidevu. Hakunikemea. Alisema, "Weye unajua."

Nikasema. Kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, kitabu, ukurasa, ufagio chini ya mlango, kila kitu, nikilia kiasi kwamba jirani aliniomba nirudie. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji. Bibi akaachia mkono wa jirani.

"Mwambie apige," alisema. "Wakimuchukua, wamuchukue akiwa hai."

Safari hii nilitafsiri neno kwa neno.

Jirani akiwa anaongea na watu wa dharura, alinipa ishara nilete kile kitabu. Niliingia mvunguni mwa kitanda kilipokuwa kikikaa. Hakikuwepo. Nilitoa viatu, sanduku, blanketi. Niliporudi mikono mitupu, bibi aliniuliza kitabu kiko wapi, nikasema kimekwenda, amekwenda nacho. Bibi aliwaza.

"Mutu akichoka na kitu kibaya ndani ya nyumba yake, anakipeleka wapi?"

Alikuwa ameshaanza kushuka kabla sijajibu. Bibi ambaye kwenda kliniki alihitaji watu wawili wamshike alishuka ghorofa tatu kwa khanga na soksi, mkono mmoja kwenye reli. Mlango wa nyuma ulipofunguka, hewa ilinikata koo. Nyuma ya maegesho palikuwa na uzio wa mbao, na ndani ya uzio pipa kubwa la taka la chuma, refu kuliko mimi. Theluji iliyoganda ililia chini ya miguu yetu. Jirani alinipita, miguu yake mirefu, akavuta lango.

Alikuwa kwenye kona, kati ya pipa na uzio, mahali ambapo upepo haukufika. Alikuwa amekikalia kitabu ili asikae juu ya barafu. Mikono ameiingiza kwapani. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu na hakuwa akitetemeka tena, na jirani alisema jambo kwa Kijerumani ambalo sikulielewa na bado nililielewa. Alivua sweta lake akamfunga, bibi akamweka ndani ya khanga yake, kifua kwa kifua, kama mtoto mchanga.

"Mfuniko ni mzito," mdogo wangu alisema, pole pole kama mlevi. "Nilitaka kumtupa. Mlango ukakataa."

Alikuwa ametoka kwenda kumtupa yule mwanamke, unaona? Mimi nilidhani amekimbia. Mtoto wa miaka mitano alichukua kitu alichokiogopa kuliko vyote duniani, akakikumbatia mikononi, akakishusha ngazi, akapita mlango wa chumba cha kufulia nilikomwambia mwanamke huyo anaishi.

Ambulensi ilikuja. Vidole vya mkono wa kulia vilivimba, vikawa na malengelenge, ngozi ikachubuka, lakini daktari alisema vitabaki, na vikabaki. Mama alifika hospitali na kofia ya kiwandani bado kichwani, akasimama mlangoni mwa chumba bila kuthubutu kuingia, kana kwamba mtoto si wake tena.

Wiki ile ile alikuja mwanamke wa serikali anayeshughulikia watoto, na faili lake. Mimi sikuruhusiwa kutafsiri. Kulikuwa na mkalimani kwenye simu, Mtanzania kwa kumsikia, sauti ya upole iliyotoka kwenye kidude katikati ya meza. Mwanamke aliuliza nani alimtisha mtoto. Mama, ambaye nilikuwa nimeshamweleza yote, alisema, "Ni mimi." Bibi akasema hapo hapo, "Muongo huyo, ni mimi, ninawasimulia mazimwi." Jirani, aliyekaa kwenye kochi letu na mkoba magotini, akasema kitabu ni chake na kosa ni lake. Mkalimani alikuwa akihangaika kuwafuata. Mwanamke aliacha kuandika. Nikasimama, nikasema ni mimi, nikasema na jinsi. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliuliza saa ngapi huwa natoka shule, na nani hupika, na nani huogesha, akaandika kwa muda mrefu. Wiki tatu tulizosubiri jibu, mama hakula chakula kilichoweza kuitwa chakula. Kila gari lililosimama mbele ya jengo, alikwenda dirishani. Jibu lilipokuja lilikuwa kwamba mtoto anabaki, na kwamba baada ya shule tutapelekwa mahali pa kukaa na watoto wenzetu mpaka mama arudi. Mama aliisikia ile simu akiwa amesimama, kisha akaketi sakafuni jikoni.

Nilikirudisha kitabu ghorofa ya pili mwenyewe. Jalada lilikuwa limepinda kwa unyevu. Nilimwomba jirani anisomee ule ukurasa, maneno yenyewe. Alivaa miwani, akasoma kwanza kwa lugha yake, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, ya mtoto anayesema shairi mbele ya darasa. Halafu akanieleza. Watoto wale walikuwa hawapangi vitu vyao. Mwanamke akaja, akafagia kila kilichokuwa sakafuni. Nyumba ikawa safi, na hakuna aliyewatafuta.

"Hakuna ukurasa mwingine?" nikauliza. "Wa kurudi?"

"Hapana. Mwisho ni hapo."

"Mlikuwa mkisoma hivi, mkawa watoto wema?"

Aliweka kidole juu ya dirisha lenye taa. "Tulikuwa kimya," alisema. "Nilidhani ni kitu kimoja. Watoto wangu nao nikawasomea." Akatazama simu yake ya mezani, ambayo sikuwahi kuisikia ikilia, akakifunga kitabu.

Leo hakuna hata mmoja wetu aliyebaki kwenye jengo lile. Jirani alihamia kwenye nyumba ya wazee, tukamtembelea mara mbili tatu, kisha siku moja tukakuta kitanda kina mtu mwingine. Bibi tulimzika miaka minne baadaye, na hadithi zake zikaenda naye. Ninazikumbuka vipande, zimwi bila wimbo wake, wimbo bila zimwi. Mdogo wangu ni msichana wa miaka kumi na saba sasa. Ukimsemesha Kiswahili anasikia kila neno na kukujibu kwa Kiingereza. Anasema siku ile haikumbuki, ila baridi ikizidi vidole vya mkono wa kulia vinamuuma.

Mimi nakumbuka kilichokuwepo kabla. Nakumbuka mtoto aliyekuwa akiweka kidole kwenye picha na kuniinulia macho, na neno lolote nililolisema likawa ndilo lililoandikwa. Tangu ile Januari, nikimwambia chakula kiko tayari, alikwenda kwanza kuchungulia sufuria. Nikimwambia mama anakuja, alikwenda dirishani. Hakuwa na hasira nami, alilala ubavuni mwangu mpaka alipopata kitanda chake.

Juzi alikuwa anataka kuendesha gari kwenda kwa rafiki yake Maple Grove. Nilimpigia simu nikamwambia asitoke, barabara imeganda, nimetoka kupita huko sasa hivi, magari mawili yako mtaroni.

"Sawa, dada," alisema, kwa Kiswahili kabisa, kwa upole. "Ngoja niangalie."